Koti la Ambokile

Asubuhi ya kugawa nguo za marehemu Ambokile, dada yake alifika mapema akakuta sanduku tupu.

"Wifi, nguo za kaka ziko wapi?"

"Bustanini," alijibu Tusekile, mjane. "Jana jioni hapakuwa na wingu hata moja, nikajua jalidi itashuka usiku iunguze miche kwa baridi. Na ile miche ya zukini aliipanda mwenyewe, wiki moja kabla hajalazwa."

Wakatoka. Kila mche ulikuwa umefunikwa, huu kwa shati, ule kwa suruali, na nguo zote zilikuwa zimekakamaa kama mbao kwa baridi. Tusekile alizitoa moja moja, akamkabidhi wifi yake. Chini yake miche ilikuwa hai. Mmoja tu, wa mwisho karibu na uzio, ulikuwa umelala, majani meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto.

"Huu ulikosa nguo?"

Tusekile aliuvuta mtandio wake, lakini kola ya koti la kijivu alilolala nalo ilikuwa imeshaonekana.

Wifi akaitazama kitambo, kisha akakumbatia zile nguo zenye baridi. "Basi zimetimia," akasema, akaelekea ndani.

Tusekile akachuchumaa, akaufunika mche uliokufa kwa pindo la koti.