Mstari wa Mkaa

"Bwana, nina mashaka na mzani wako," mama alimwambia mnunuzi mpya wa pamba, kwa Kiswahili.

Kwa wageni mama hunisukuma mimi niseme. Yeye Kisukuma kinamtosha.

Na hilo neno, mashaka, limo kwenye kitabu cha hadithi nilichoazima shuleni. Limepigiwa mstari wa mkaa, kama maneno yote magumu. Wiki nzima nimemtafuta aliyekichafua, maana kesho mwalimu anakitaka, na fimbo yake naijua.

Nikatazama kidole cha mama. Ukucha ulikuwa mweusi.

"Umesemaje, mama?" Mnunuzi aliachia ndoano ya mzani. Watu wa foleni wakageuka kututazama.

Mama alifungua mdomo, neno likamkimbia. Akanigeukia. "Minza..."

"Mashaka," nikasema, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni.