Jiko Ndani ya Kikapu

Hidaya alirudi nyumbani mara ya tatu kuangalia kama jiko la mkaa limezimika. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali, na muda wa kuona wagonjwa ulikuwa wa saa moja tu, adhuhuri.

"Nimelimwagia maji mbele ya macho yako," alisema jirani yake, Mama Tunu, akianua nguo. "Au limekuwa mume, huwezi kuliacha peke yake?"

Hidaya alicheka kidogo. Aliyagusa makaa yaliyolowa, akafunga mlango. Alipofika kona, moyo ukaanza tena: je, kama kuna kaa moja linawaka chini? Akarudi. Safari hii alilitia jiko lenyewe kikapuni, kando ya chupa ya uji, akaondoka nalo.

Mlinzi wa hospitali alikuwa ameshafunga geti.

"Njoo kesho, dada," alisema kwa upole. "Na jana nilikwambia hivyo hivyo."

Juu dirishani, mama yake alimpungia mkono polepole. Hidaya alitaka kumjibu, lakini mkono wake ulikuwa ndani ya kikapu, ukipapasa makaa baridi, moja baada ya jingine.