Dereva wa Mzee Lugendo

Nakiri, kosa lilikuwa langu. Nimelinda lango la hifadhi miaka mingi, lakini gari lao lilipofika nilimpa mzee daftari nikamwambia, "Dereva aandike jina hapa." Kumbe usukani anao mkewe!

Mzee Lugendo akacheka. Alikuwa amepakata kreti la zabibu walizonunua njiani, kule mashambani.

"Andika Foibe. Mimi nimepita hapa na lori miaka thelathini, sikusimama hata siku moja. Nimestaafu, na macho nayo yakastaafu. Ndipo huyu akajifunza gari, na miaka yake sitini na moja!"

"Sitini," mkewe akasema. "Usinizeeshe mbele za watu."

Mzee akavua shingoni taulo lake la udereva, akapapasa bega la mkewe, akamvika. Foibe akanyoosha mgongo, akaingiza gia bila kukwaruza, wakaondoka.

Hatua chache mbele, twiga wakakatiza barabara. Gari likasimama. Foibe akainua uso, mdomo wazi, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Wakoje?" mzee akauliza.

Foibe akazidi kuwatazama.

Mzee akamgusa taulo. "Mama, nisimulie basi."