Mikono ya Mkalimani

"Asiyeelewa anyooshe mkono," mkalimani akatafsiri.

Hakuna aliyenyoosha. Mkufunzi, mgeni aliyeletwa na kampuni kutoka ng'ambo, akatabasamu na kuanza kukunja nyaya zake. Kesho wafanyakazi hawa hawa wa kiwanda wangeiwasha mashine mpya ya kukata maboksi, yenye kisu kirefu kuliko mtu.

Mkalimani akamtazama mjomba wake, mwendeshaji mkongwe, kwenye safu ya mbele. Mzee alikuwa akisugua goti kwa kidole gumba, kama afanyavyo maji yanapozidi unga. Hakuelewa. Hakuna aliyeelewa. Ila kumwambia mwalimu mbele za watu kwamba hukumwelewa ni kumwambia hajui kufundisha, na hawa mama zao waliwafunza. Wangeulizana baadaye huko nje, chini kwa chini.

Adabu njema hiyo. Lakini kisu hakimjui mwenye adabu.

Mkalimani akanyoosha mkono wake mwenyewe.

"Mimi sijaelewa," akasema kwa lugha ya mgeni, kisha kwa Kiswahili.

"We dada, vipi?" meneja akafoka kutoka mlangoni. "Kazi yako kutafsiri tu! Shusha mkono!"

"Nimetafsiri tangu asubuhi, bosi. Nimetafsiri nisichokielewa."

"Nimesema shusha, ama kesho usirudi!"

Mkono akauacha pale pale juu. Kisha, huku akimkazia meneja macho, akanyoosha na wa pili.

Kwenye safu ya mbele, mjomba akaliachia goti lake, mkono ukaanza kupanda.