Sheria ya Kunyamaza

Mchana ule wote hakuna aliyekaa karibu na Lonnie Haverkamp, na yeye alilipokea jambo hilo kama heshima.

Besiboli ina sheria ambayo haikuandikwa popote, na labda ndiyo maana inatiiwa kuliko zilizoandikwa. Mrushaji akifika katikati ya mchezo bila mpinzani hata mmoja kupata pigo, yaani kuupiga mpira wake na kufika kituoni salama, benchi zima hunyamaza. Hakuna anayelitaja. Hakuna anayekaa naye. Watu wazima wenye shahada humkwepa kijana wa miaka ishirini kama mgonjwa wa surua, ili bahati isishtuke ikaondoka.

Kijana wa leo alikuwa Brody Kessel, na aliyemfundisha ni Haverkamp, kocha wa warushaji katika chuo kidogo cha Kansas. Kwa hiyo, aliwaza Haverkamp, ukimya wa mwanafunzi umemfikia na mwalimu. Ni haki.

Bahati hiyo aliihitaji. Asubuhi Kocha Mkuu, Darrell Stroud, aliitwa ofisini kwa mkurugenzi wa michezo, na hoja ilikuwa moja: Haverkamp abaki au aende. Warushaji wake walikuwa wamechapwa msimu mzima. Stroud alirudi akasema tu, "Tucheze kwanza, Lonnie. Tutaongea baadaye." Chuoni hapo haujawahi kuchezwa mchezo usio na pigo hata moja. Na hakuna mkurugenzi, hata awe na roho ya jiwe, anayemfukuza mtu katikati ya sherehe.

Kufukuzwa alikuwa anakujua. Iowa walimtoa kwa simu. Arkansas walimtoa kwa keki. Mkewe alibaki Amarillo pamoja na makochi ya sebuleni, na tangu hapo kila alikohamia masanduku mengine hakuyafungua kabisa. Zamani iliuma. Siku hizi ilikuwa kama fizi iliyodungwa ganzi: unajua jino linang'olewa, lakini unachosikia ni mlio tu.

Jambo moja alilikataa katakata, kutazama ubao wa matokeo. Alipokuwa Lubbock aliwahi kuutazama siku kama hii, na mpira uliofuata ukapigwa ukaenda kutua nje ya uzio. Kwa hiyo tangu zamu ya tatu kati ya tisa alishusha kofia mpaka ukingo wake ukaufunika ubao, akawa anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye glasi ya karatasi.

Wasiwasi ulimgusa mara moja tu, katika zamu ya nne. Mpira ulitambaa ardhini, ukamgonga mlinzi kwenye glavu, ukadondoka, na mpigaji akafika kituo cha kwanza. Lakini mlinzi akiangusha mpira rahisi, karani wa mchezo huandika kosa la mlinzi, si pigo. Hiyo inajulikana.

"Ule hata padri angeudaka," Haverkamp alisema.

Hakuna aliyemjibu. Sheria imeanza, aliwaza.

Zamu ya sita Stroud alimletea kahawa. Miaka yote waliyofanya kazi pamoja, Stroud hakuwahi kumletea mtu hata maji.

"Nimeweka sukari mbili," alisema, akaondoka bila kumtazama usoni.

Ushirikina, Haverkamp aliwaza. Kila mtu na wake.

Kutoka mwisho wa benchi, nyuma ya pipa la maji alikokuwa akipumzika Kessel, vilisikika vicheko. Haverkamp hakugeuka. Mrushaji wa namna hii hatazamwi. Hao watakuwa wachezaji wa akiba, watoto wa siku hizi, hawana adabu.

Zamu ya nane Stroud alisimama mbele yake. "Nenda ukamwone mrushaji wako."

"Sasa hivi? Darrell, una homa? Kijana yuko sawa."

"Nenda tu, Lonnie. Tembea taratibu. Jua zuri leo."

Amri ni amri. Haverkamp akavuka nyasi mpaka kwenye kichuguu anaposimama mrushaji. Watu jukwaani wakapiga makofi, naye akajua ni ya Kessel. Mdakaji, Mateo Ibarra, akaja akavua barakoa yake na kuishika kifuani kama mtu aliyeingia kanisani.

"Leo usiku mtakula nini?" Haverkamp aliuliza, maana mchezo hautajwi.

"Mbavu za kuchoma, Kocha," Kessel alisema.

"Msizizamishe kwenye mchuzi. Mnaharibu nyama."

"Sawa, Kocha." Kijana aliuzungusha mpira mkononi. "Mpira huu wa kupinda ni wewe uliyenifundisha. Nilitaka tu ujue kwamba nakumbuka."

"Hotuba uziache kwa mkurugenzi. Rusha."

Zamu ya tisa mpigaji wa mwisho alikata hewa kwa gongo lake, akakata hewa tena, akakata hewa mara ya tatu akaenda zake. Wameshinda. Wavulana wakakimbilia uwanjani wakarukiana, kisha wakarudi benchini wote. Haverkamp alisimama akingoja kitu kitokee kifuani mwake. Hakikutokea. Akasukuma kofia nyuma, akautazama ubao.

Wageni: pointi, sifuri. Mapigo, moja.

"Lile la zamu ya nne, Kocha," Ibarra alisema, macho kwenye viatu vyake. "Walilihesabu kuwa pigo palepale."

Nyuma ya pipa la maji walikuwa wakimmwagia Kessel barafu na kumtania kwa pigo hilo, kama walivyokuwa wakimtania tangu zamu ya nne, na kumzunguka hapakuwa na pa kukanyaga. Upande wa Haverkamp benchi lilikuwa tupu, na Stroud alikuwa anakuja, taratibu, kofia mkononi.