Chapati za Jumuiya

Alhamisi hiyo zamu ya ibada ya jumuiya ilikuwa kwa Mama Eliamani, na chai haijapoa ubishi ukawaka.

"Paulo kasema wazi," alinguruma Mzee Ngowi, mzee wa kanisa. "Mwanamume anayelala na mwanamume hataurithi ufalme. Hata kula naye tusile!"

"Mbona Yesu alikula na wenye dhambi?" aliuliza Bibi Ndekwa.

"Walitubu, bibi!"

Mama Eliamani alitazama pazia la jikoni. Huko mwanawe wa kiume, aliyemwambia Jumapili kwamba anapenda wanaume, alikuwa akisukuma chapati.

Mzee Ngowi alichukua ya tatu. "Laini kweli. Kapika nani?"

Mama Eliamani alimwongezea chai. "Mimi, mzee."

Jikoni, kibao cha chapati kikanyamaza. Kisha, taratibu, kikaanza tena.