Nia ya Kuuliza

Kabla ya kuuliza lolote mtandaoni, sharti uchague nia kwenye orodha ya Ofisi ya Maadili ya Dini. Mwanakheri hana mtoto, lakini huchagua "kumfundisha mtoto," maana nia hiyo haikataliwi kamwe. Kwa miaka saba ameuliza kwa nini nyota hufa, na ni nani aliyeandika orodha yenyewe.

Asubuhi hii alikuwa anakuna nazi simu yake ilipolia. Mumewe, Shaali, akamsomea ujumbe: "Mwanao ametimiza miaka saba na maswali yake yamezidi. Mlete kwenye chuo cha dini Jumamosi."

Shaali akaweka kikombe chini. "Mtoto gani, Mwanakheri?"

Mwanakheri akaacha kukuna. "Wameandika jina lake?"

Shaali akaitazama tena simu.

"Wameandika lako."